Kona ya Kulia

Siku ya arobaini ya Kochi Hamisi tulikaa uani kwake, Buyenzi, chini ya turubai lililofungwa kutoka ukuta wa nyumba mpaka mlango wa gereji yake, sahani za pilau mapajani. Dua ilikuwa imekwisha. Mama Zuhura, mjane wake, aliomba wachezaji wa zamani waseme neno, na wa tatu kusimama alikuwa Landry. Miaka kumi na sita nilikuwa sijamwona. Anaishi Gitega, ana duka la madaftari na vitabu vya shule, amenenepa shingo. Alizungusha kichwa chote upande wa kushoto, kama anavyolazimika kufanya, mpaka akanipata katikati ya wanawake. "Kochi alinifundisha kucheza," alisema. "Lakini kama niko napumua hapa mbele yenu, ni juu ya huyu dada. Goreth, simama wakuone." Nilisimama. Walinipigia makofi, hata wazee wa msikitini ambao hawakujua kisa chenyewe. Mimi nilikuwa natazama wali ukimwagika kwenye viatu vyangu. Kisa kile kina sehemu ya kwanza ambayo Landry hakuwahi kuisikia, na mtu wa mwisho aliyeijua, ukiniondoa mimi na Mama Zuhura ambaye hakuwahi kuitaja, tulikuwa tumemzika siku arobaini kabla. Ningeweza kukaa chini, nikala, nikarudi nyumbani, na Landry asingejua kamwe.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitano na kano ya goti langu ilikuwa imekatika. Nilikuwa nikicheza mpira wa kikapu, timu ya wanawake ya klabu aliyoifundisha Kochi. Goti lilipokataa kupona, Kochi hakunipa pole. Alinipa rundo la karatasi alizozichora kwa rula, nusu uwanja kila ukurasa. "Kaa hapa," aliniambia. "Kila mpira unatupwa, weka alama pale mutu alisimama." Duara kwa ulioingia, msalaba kwa uliokosa, na pembeni niandike nani alitoa pasi, mlinzi alikuwa karibu kiasi gani, na kama mtupaji alikuwa amesimama imara au anayumba. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nauona mchezo kwa namna nyingine kabisa. Watu jukwaani walishangilia mpira ukiingia. Mimi nilikuwa najiuliza kama ulistahili kutupwa. Niliwahi kuinua kichwa baada ya kikapu kizuri cha mwisho wa mechi, uwanja mzima umesimama, nikagundua kwamba mimi peke yangu nimekunja uso.

Mchana, kabla ya mazoezi, tulikutana sebuleni kwa Kochi. Kilikuwa chumba chembamba chenye harufu ya mafuta ya injini iliyopenya kutoka gereji, sofa ambazo bado zilikuwa na plastiki yake, na televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma ambacho Mama Zuhura alikiondoa mwenyewe kwa heshima kabla hatujawasha. Kochi alikuwa fundi wa magari, na aliipenda ligi ya Wamarekani kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alisimamisha picha kwa rimoti na kutuonyesha kwa bisibisi. "Muangalie huyu. Ni mukubwa kuliko wote kwa uwanja. Iko anatupa hapa? Apana. Anamupa mwenzake kwa kona. Kwa nini?" Aligonga kioo. "Sababu kwa kona mustari wa tatu umekaribia ringi. Ni tatu ya karibu kuliko tatu zote." Kisha aliandika nyuma ya risiti: mitupo kumi ya hatua moja ndani ya mstari wa alama tatu, ikiingia mitano, ni alama kumi, mitupo kumi ya kona, ikiingia minne tu, ni alama kumi na mbili. "Sasa mujinga ni nani?" aliuliza. Mama Zuhura alikuwa anapita na sinia la ndagala, dagaa wa ziwa, na ugali wa muhogo. "Mujinga ni mwenye kuacha chakula kinapoa," alisema, na Landry alicheka mpaka akakohoa.

Landry alikuwa mwenye kona ya kulia. Mashambulizi yetu yote yalijengwa kumfikia pale: mpanga mchezo anadunda mpira katikati, anavuta walinzi wawili, kisha pasi ndefu inakwenda kona, Landry miguu tayari, mikono tayari. Kwenye karatasi zangu kona ile ilijaa maduara mpaka penseli ikatoboa. Alikuwa mcheshi, anaimba vibaya na kwa sauti, na aliishi Gasenyi na kaka yake mkubwa, Fabrice, ambaye alipakia magunia katika bohari la saruji la Prezida wa klabu.

Huyo Prezida ndiye aliyeimiliki klabu. Hatukumwita jina. Aliishi Kiriri, mlimani juu ya mji, alikuwa na saruji, na hakuna aliyejua vizuri alikuwa na nini kingine. Tulilijua gari lake, pikapu nyeupe ya milango minne yenye vioo vyeusi. Siku za mechi iliegeshwa nyuma ya kikapu cha upande wa ziwa, injini ikiwaka muda wote, na hukuweza kujua kama yumo ndani au hayumo. Msimu uliotangulia mchezaji mmoja alijibizana naye mbele ya watu. Alikwenda kwao kwa Krismasi, hakurudi. Wengine walisema yuko Kampala, lakini hakukuwa na mtu aliyepata salamu zake. Tukazoea kutazama kwanza pikapu iko wapi, ndipo tuongee. Leo, nikisikia dizeli inanguruma mahali pamoja kwa muda mrefu, bado mabega yangu yanapanda yenyewe.

Mwezi wa pili wa msimu karatasi zilianza kubadilika. Kona ya kulia ilikuwa inabaki nyeupe. Landry alipata pasi pale, aliusimamisha mpira, akadunda mara mbili kuingia ndani na kutupa ile mbili ya mbali, mtupo ambao Kochi aliuchukia kuliko yote. Pasi nyingine zilimgonga bega zikatoka nje. Tulipoteza mechi mbili, na zote mbili alikuwa ameachwa peke yake pale pale tulipotaka awe. Nilimuuliza. "Wananilinda sana," alisema, na akaondoka haraka. Karatasi zilisema huo ni uongo. Nilianza kuziogopa. Nilizificha mkobani na kutembea nazo, kwa sababu mtu yeyote ambaye angezitazama angeona nilichokiona: mtu anayeacha mtupo bora wa timu yake, tena na tena, bila mtu kumkataza.

Tulipoteza ya tatu. Kesho yake, Jumapili, saa sita mchana, Prezida alikuja mwenyewe Buyenzi. Mimi nilikuwa jikoni na Mama Zuhura, tunachambua mchicha wa lenga-lenga, na kati yetu na sebule kulikuwa na pazia tu.

"Iko mutu anatuuza, Hamisi," tulimsikia akisema. Hakupaza sauti.

"Prezida, ni mutoto tu. Ana kipindi kibaya."

"Kipindi? Wanamuacha peke yake, anakataa kutupa. Mi nimeona na macho yangu. Ile si kipindi." Kisha mlio wa kikombe. "Iko ile binti anaandikaka. Mwite."

Mama Zuhura aliniwekea mkono mgongoni. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisukuma au ananishika.

Prezida alikuwa amekaa kwenye kiti cha Kochi, anakula sambusa kwa uangalifu, kiganja chini ya kidevu ili makombo yasianguke. "Kaa, mwanangu," aliniambia. "Karatasi zako zinasema nini juu ya Landry?" Nilizitoa kwenye mkoba. Na nikaeleza. Hii ndiyo sehemu ambayo nimeibeba miaka yote: nilieleza vizuri. Hofu, ambayo wiki nzima ilinifunga mdomo, siku hiyo ilinifungua. Niliongea kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa, kidole juu ya karatasi, hapa mwezi wa kwanza, hapa mwezi wa pili, hapa jana. Nilisema ameacha kona ya kulia. Nilisema anabadilisha tatu nzuri kwa mbili mbaya. Prezida aliitikia kwa kichwa taratibu, ananielewa kuliko watu wote waliowahi kuziona karatasi zile.

"Kutupa toka pale anaweza?" aliuliza.

"Mazoezini, akiwa peke yake, anaingiza."

"Sijauliza mazoezi. Anaweza, ao hawezi?"

Kochi alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, kwamba nisiseme. Nilimwona. Lakini Prezida naye alikuwa ananitazama.

"Anaweza," nilisema.

"Basi hataki." Alifuta vidole, akakunja karatasi tatu, akazitia kwenye mfuko wa shati, na akamshukuru Mama Zuhura kwa sambusa. Injini ilipokwisha kusikika, Kochi alisema tu, "Ungesema haujui," kisha akaenda kulala chini ya gari alilokuwa analitengeneza na hakutoka mpaka alasiri.

Jumanne, kama saa nne asubuhi, Fabrice alikuja gereji anakimbia, shati limelowa, unga wa saruji umeganda shingoni. Landry alikuwa amechukuliwa Gasenyi, mbele ya kioski, akiwa na mkate mkononi, Fabrice akiona toka upande wa pili wa barabara. "Ni pikapu ya bosi wangu," alisema. "Dereva ananijua, Kochi. Amenipungia mukono." Nilikaa juu ya tairi. Fabrice alilia waziwazi, mtu mzima, mikono imeninginia. "Nifanye nini? Nikienda kuuliza na mi watanichukua. Nisipoenda, ni ndugu yangu." Kochi alimshika mabega. "Rudi kazini. Ukikosekana leo watajua umekuja huku. Pakia saruji. Cheka na wenzako kama kila siku. Unanisikia? Cheka." Fabrice alijifuta uso kwa kitambaa cha gereji, kikamwachia alama nyeusi shavuni, akarudi.

Sikuweza kufanya kitu kingine ila kile nilichokijua. Nilikuwa na kamera ndogo niliyoifunga juu ya jukwaa kila mechi, na picha zote zilikuwa kwenye kompyuta ya klabu. Nilizitazama sebuleni pale mchana wote, na Jumatano tena tangu asubuhi, bila kujua natafuta nini. Mama Zuhura aliniwekea chai ikapoa, akaiondoa, akaleta nyingine. Siku zote nilikuwa natazama mpira na miguu, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Jumatano hiyo, kwa uchovu tu, niliacha macho yangu yakae usoni kwa Landry. Kwenye kona ya kulia, ukielekea ringi, pasi inatoka kushoto kwako, na mlinzi anakuja mbio kutoka kushoto. Landry alikuwa anageuza kichwa chote, kama mtu anayeitwa, ili auone mpira. Akishaupata, alihitaji kugeuka tena kuitafuta ringi, na kwa muda huo mlinzi alikuwa ameshafika. Mlinzi aliinua mkono, kiganja kikapita karibu kabisa na jicho lake la kushoto. Mtu yeyote anapepesa. Landry hakupepesa.

"Kochi," niliita. "Njoo."

Alikuja na grisi mikononi. "Rudisha," alisema. Nilirudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu alivua miwani. Sote wawili tukaikumbuka mechi ya kwanza ya msimu, kiwiko kilichompata juu ya shavu, barafu kwenye mfuko wa plastiki, na Landry akicheka kwamba sasa amekuwa mrembo. Tangu siku ile jicho lilikuwa likififia, naye alikuwa ameficha. Alijua kwamba hakuna klabu inayomweka mtupaji wa jicho moja.

Tulipanda Kiriri kwa gari la Kochi saa sita na nusu mchana. Sijawahi kuogopa vile, kabla wala baada. Kwenye lango walinzi walisema ataingia mmoja. Kochi alipiga hatua mbele, na sauti kwenye redio ya mlinzi ikasema, "Yule aliandika." Chumba kilikuwa cheupe na baridi, dirisha pana linaangalia mji wote, ziwa, na milima ya Congo ng'ambo. Prezida alikuwa mezani na samaki wa mukeke, anatoa miiba mmoja mmoja na kuipanga ukingoni mwa sahani. Nilifungua kompyuta kati ya vyombo vyake. Nilifungua mechi mbili ambazo sizo kabla ya kuipata ile picha, na yeye alisubiri bila kuniambia harakisha, jambo lililonitisha zaidi. Aliitazama mara mbili. "Picha inasema kile unataka," alisema. Akainua simu.

Sijui tulikaa muda gani. Yeye alimaliza samaki. Landry aliletwa peku, nywele nyeupe kwa saruji, mdomo umevimba upande mmoja. Alinitafuta kwa kuzungusha kichwa, akaniona, akaiona kompyuta, akaelewa. Macho yake yaliniomba. Hakuwa ananiomba nimtoe pale. Alikuwa ananiomba ninyamaze. Siku mbili alikuwa amewaacha waamini kwamba ni msaliti, ili asiseme kwamba jicho halioni.

"Nionyeshe," Prezida aliniambia.

Nilisimama kushoto kwa Landry, mahali ambapo mlinzi husimama, na nikainua mkono wangu haraka mbele ya jicho lake, mpaka nikahisi kope kwenye kiganja. Hakupepesa. Aliendelea kumtazama Prezida, akisubiri nianze, na mkono wangu ulikuwa tayari upo.

"Kumbe nimelisha kipofu musimu muzima," Prezida alisema. Alivuta sahani ya matunda. "Ondokeni."

Nje ya lango Kochi alikuwa amewasha gari. Tulishuka mpaka mjini. Kisha Landry, kwenye kiti cha nyuma, alinishika bega. "Asante, Goreth. Mi nilijua wataniua." Kochi alinitazama kwenye kioo. Huo ndio ulikuwa wakati wangu, na niliuacha upite. Kochi hakusimama nyumbani. Alitupeleka moja kwa moja hospitali, Kamenge. Daktari alisema utando wa nyuma ya jicho la kushoto ulikuwa umebanduka zamani, hakuna la kufanya. Lakini la kulia nalo lilikuwa limeanza kuchanika pembeni, na hilo waliliwahi. Kwa hiyo ni kweli kwamba anaona kwa sababu yangu, na ukweli huo ulinipa mahali pazuri pa kujificha. Wiki iliyofuata Kochi aliniambia, bila kuinua kichwa kutoka kwenye injini, "Mi sitamwambia. Utamwambia we, siku yako." Nilidhani siku hiyo ingekuwa kesho yake. Landry alihamia Gitega. Kila Mwaka Mpya alinitumia ujumbe wa shukrani, na kila mwaka niliufungua nikiogopa kwamba huu ndio utaanza na swali. Prezida alikimbilia nje ya nchi, akafia huko, na hofu yangu haikwenda naye.

Watu walipoondoka siku ya arobaini, Landry na mimi tulibaki tunapanga viti vya plastiki. Nilimwita mlangoni pa gereji. Nilimweleza Jumapili ile, pazia, sambusa, karatasi tatu, na neno lile. Alinisikiliza akiwa amenielekezea upande wake wa kulia.

"Ulisema naweza."

"Nilisema unaweza."

"Kochi alijua?"

"Alikuwepo. Alitaka ninyamaze."

Aliegemea ukuta. Nilisubiri anitukane. "Unajua mi nilifikiri ni nani?" alisema mwishoni. "Fabrice. Walinifungia kule kwa bohari. Nilimusikia nje, anapakia, anacheka na wenzake. Siku mbili nilimusikia anacheka. Nikasema, mutu anaweza kucheka vile, ndiye ameniuza." Alipitisha mkono usoni. "Nilihama kwake bila kumuaga. Amekuja Gitega mara mbili, sikumufungulia. Hata kwa harusi yangu hakuwako."

Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeuogopa uso wake tu. Sikuwahi kujua kwamba kimya changu kilikuwa kimekaa ndani ya nyumba ya watu. "Alikuja hapa hapa, Landry," nilisema. "Asubuhi ileile. Alilia kama mtoto. Kochi ndiye alimwambia arudi. Kochi ndiye alimwambia acheke."

Landry alijitoa ukutani. Hakusema amenisamehe, na tangu siku hiyo hajasema. Alinipita, akaenda jikoni, na nikamsikia akimuuliza Mama Zuhura kama ana namba ya Fabrice. Alikuwa nayo; Fabrice alikuja kuzika. Landry alitoka uani akishikilia simu mbali kidogo na uso ili aione vizuri, akabonyeza, akaiweka sikioni, na akakaa chini, hapo hapo sakafuni, kati ya viti.

"Allô," alisema. "Ni mi. Landry." Kisha, haraka, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata Kiriri: "Apana, usikate. Fabrice, usikate."